Istilahi za Ziara ya Kuonja Divai: Mfano wa Mkoa wa Champagne

1. Utangulizi

Lugha inayotumiwa na watu wengi haina hiari ya kuchagua mambo itakayoelezea. Mfasiri hukabidhiwa leo waraka wa chanjo ya ng'ombe, kesho orodha ya vipuri vya trekta, na kesho kutwa ratiba ya ziara ya kuonja divai katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Kila mara hutakiwa aandike Kiswahili kinachoeleweka na kisichompotosha msomaji. Makala haya yanachukua mfano huo wa mwisho, yaani ziara ya siku mbili katika mkoa wa Champagne, na kuchunguza maneno yanayohitajika ili ziara hiyo ielezwe kwa Kiswahili sanifu.

Huenda msomaji akauliza kama kazi hii ina manufaa kwetu. Manufaa yapo, na ni ya namna nne. Kwanza, zabibu hulimwa Dodoma na divai hutengenezwa huko, kwa hiyo maneno yanayohusu ukamuaji, uchachu na mashapo si ya wageni peke yao. Pili, afisa wa forodha anapaswa kutofautisha divai na pombe kali, maana ushuru wake si mmoja. Tatu, msomaji ambaye dini yake inamkataza kileo, au ambaye daktari amemkataza sukari, ana haki ya kujua bila kificho ni kitu gani kilichomo katika chupa. Nne, jina Champagne linalindwa na sheria, na sheria hiyo inamgusa mfasiri moja kwa moja, kama itakavyoonekana hapa chini.

2. Ziara na mwisho wa juma

Neno ziara linafaa kwa jambo hili, ingawa lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na katika pwani yetu lilihusu zaidi kumzuru mtu anayeheshimiwa au kuzuru makaburi. Baadaye likaingia katika lugha ya serikali: ziara ya Rais, ziara ya ukaguzi. Katika maana zote hizo lipo wazo la kwenda mahali kwa kusudi maalumu, wala si kutembea tu. Kwa sababu hiyo ziara ya kuonja divai ni sahihi kuliko matembezi ya kuonja divai, maana mgeni hufuata ratiba na hufundishwa. Anayemfundisha yafaa aitwe mwongozaji. Neno kiongozi laweza kutumika pia, lakini kwa msomaji wa leo huleta kwanza picha ya siasa.

Mwisho wa juma unahitaji tahadhari zaidi. Siku ya kwanza ya ziara ni Jumamosi na ya pili ni Jumapili. Lakini tukiyatazama majina yenyewe, Jumamosi ni mosi na Jumapili ni ya pili: juma la Waswahili huhesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa. Hivyo siku tunazoziita mwisho wa juma ni mwanzo wake kwa hesabu ya lugha. Zaidi ya hayo, msomaji wa Kiswahili aliyeko Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo katika ratiba isitoshe kuandika "mwisho wa juma". Siku zitajwe kwa majina yake.

3. Mahali na safari yenyewe

Champagne iko upande wa mashariki wa Paris. Mji wake mkubwa wa divai, Reims, uko umbali wa kilomita zipatazo 145 kutoka Paris, na tangu reli ya mwendo kasi ya mashariki ilipofunguliwa mwaka 2007 safari huchukua muda wa dakika 45 hivi. Mashamba ya mizabibu yana eneo la hekta zipatazo 34,000. Aina tatu za zabibu ndizo zinazotawala: Pinot Noir, Meunier na Chardonnay. Mbili za kwanza ni nyeusi kwa ganda ingawa maji yake ni meupe, na ndiyo sababu divai nyeupe hupatikana kutokana na zabibu nyeusi. Mfasiri anayeandika "zabibu nyeupe" kila mahali kwa sababu tu divai ni nyeupe huwa amekosea.

Kwa kawaida siku ya kwanza hutumiwa Reims. Hapo wageni huteremshwa kwa ngazi ndefu hadi katika machimbo ya chaki, ambayo baadhi yake yalichimbwa tangu enzi za Warumi. Machimbo hayo sasa ni maghala ya divai, yenye joto la digrii 10 hadi 12 za Selsiasi majira yote. Wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918 wakazi wengi wa Reims walijificha humo kukwepa mizinga. Siku ya pili huwa ni ya Épernay, penye barabara maarufu ya majumba ya divai, na kijiji cha Hautvillers, alikozikwa mtawa Pierre Pérignon (1638–1715), aliyekuwa mtunza ghala wa abasia ya huko tangu mwaka 1668. Mwaka 2015 vilima, majumba na maghala ya Champagne yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wako waandishi wanaomwita mtawa huyo mvumbuzi wa divai ya viputo. Hilo si kweli. Alisifika kwa ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, na wakati wake viputo vilihesabiwa kuwa kasoro. Mwaka 1662, miaka 6 kabla hajafika Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kueleza mjini London jinsi sukari ilivyotiwa katika divai ili ichangamke.

Kuhusu jengo lenyewe, inapendekezwa kusema ghala la chini ya ardhi, na njia zake ndefu ziitwe mahandaki. Tusitumie shimo, ambalo halina hadhi ya jengo, wala pango, ambalo kwa kawaida ni kazi ya maumbile.

4. Divai au mvinyo?

Maneno haya mawili yote ni ya kukopa. Divai yatoka katika Kifaransa, na mvinyo katika Kireno. Lakini hayakusafiri njia moja. Divai ilibaki na maana ya kinywaji kitokanacho na zabibu, na ndiyo iliyozoeleka katika Biblia na makanisani. Mvinyo ulipanuka: katika kamusi za zamani ulikuwa pia na maana ya kileo kikali cha namna yoyote. Leo watu wengi, na hasa wafanyabiashara, husema mvinyo wakikusudia divai.

Hatuwezi kuwakataza watu neno walilolizoea. Lakini istilahi ni neno lililowekewa mipaka, na neno lenye mpaka ulio wazi ndilo linalofaa. Katika nyaraka za forodha, sheria na mafunzo, inapendekezwa divai itumike kwa kinywaji cha zabibu, na pombe kali kwa vinywaji vilivyokenekwa. Mvinyo ubaki katika mazungumzo na matangazo. Lililo baya zaidi ni kuyachanganya maneno yote mawili katika waraka mmoja, maana msomaji atadhani ni vitu viwili.

Aidha, isisahauliwe kwamba divai ya Champagne huwa na alkoholi ya asilimia 12 hivi. Ni kileo, na iitwe kileo. Kuiita sharubati au kinywaji baridi kwa ajili ya adabu ni kumdanganya msomaji. Kwa upande mwingine, yako maji ya zabibu yaliyotiwa gesi ambayo hayana kileo hata kidogo, na hayo yasiitwe divai.

5. Viputo na povu

Divai isiyochangamka inapendekezwa iitwe divai tulivu. Kwa ile inayochangamka yametajwa majina mengi: divai ya povu, divai ya gesi, divai ichemkayo. Ichemkayo haifai, kwani kuchemka kwahitaji moto. Gesi ni neno la kweli lakini huleta fikra ya soda, ambayo hutiliwa gesi kwa mtambo. Povu ni lile linalofunika uso wa bilauri mara tu divai imiminwapo, nalo hutoweka baada ya muda mfupi. Kinachodumu ni viputo vidogo vinavyopanda kutoka chini kama ushanga uliotungwa. Kwa hiyo divai ya viputo ndilo jina linalopendekezwa, na povu litumike kwa maana yake ya kawaida.

Viputo hivyo ni gesi ya kaboni dioksidi. Divai tulivu hutiwa chachu na sukari, gramu 24 hivi kwa lita moja, kisha chupa huzibwa. Chachu hula sukari, gesi huzaliwa na kukosa pa kutokea. Mwishowe kanieneo ya ndani ya chupa hufikia atmosfia zipatazo 6, zaidi ya mara mbili ya ile ya gurudumu la motokaa ndogo.

Hapa pana neno la kuangaliwa. Wasomaji wa Biblia hulijua shinikizo kuwa ni mahali pa kukamulia zabibu. Leo shinikizo ni la damu, na shinikizo ni la kisiasa. Tukisema "shinikizo la divai", msomaji mmoja ataona mtambo na mwingine ataona nguvu ya gesi. Basi mtambo uitwe mtambo wa kukamulia, na nguvu ya gesi iitwe kanieneo, kama walimu wa fizikia wanavyofundisha. Maelezo ya namna ya kufungua chupa nayo yaandikwe kwa usahihi: chupa isitikiswe, isielekezwe kwa mtu, kizibo kishikwe imara, na kinachozungushwa ni chupa, si kizibo. Kosa katika sentensi hiyo laweza kumtoa mtu jicho.

6. Kazi za ghalani

Mwongozaji atazieleza kazi hizi kwa mfululizo, na kila moja yahitaji jina.

(a) Mkamuo. Kilo 4,000 za zabibu hukamuliwa polepole. Lita 2,050 za kwanza hutengwa, na lita 500 zinazofuata huwekwa mbali. Kila aliyewahi kukamua nazi analielewa jambo hili bila kufundishwa: kasimile si sawa na tui jepesi. Inapendekezwa kusema mkamuo wa kwanza na mkamuo wa pili. Neno la Kifaransa cuvée hutumika kwa mkamuo wa kwanza na pia kwa mchanganyo wa divai ulio tayari. Mfasiri atazame muktadha kwanza.

(b) Mchachuko. Tendo la chachu kugeuza sukari kuwa alkoholi liitwe mchachuko. Ule wa mapipani ni mchachuko wa kwanza, na ule wa ndani ya chupa ni mchachuko wa pili. Hamira iachiwe mikate.

(c) Mashapo. Chachu iliyokufa hutuama chini ya chupa. Hayo ni mashapo, kama ya maji ya mtungi. Machicha hayafai, maana ni mabaki ya kitu kilichochujwa au kukamuliwa, na yafaa kwa maganda ya zabibu yabakiayo mtamboni. Sheria hutaka divai ya mchanganyo wa miaka ikae chupani miezi 15 au zaidi, ambayo 12 kati yake iwe juu ya mashapo. Divai ya mwaka mmoja uliotajwa hukaa miaka 3 au zaidi.

(d) Uinamishaji. Chupa huwekwa katika ubao wenye matundu, huzungushwa kidogo kila siku na kuinamishwa, mpaka mashapo yote yakusanyike shingoni. Njia hii iliendelezwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika nyumba ya biashara iliyoongozwa na mjane Barbe-Nicole Clicquot (1777–1866). Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mashine.

(e) Uondoaji mashapo. Shingo ya chupa hugandishwa katika majimaji ya baridi kali, kizibo hufunguliwa, na kanieneo hurusha nje kipande cha barafu chenye mashapo. Wako watakaovutwa na "kutapisha chupa". Ni picha nzuri kwa mazungumzo, lakini haifai mezani mbele ya wageni.

(f) Ukolezaji. Pengo lililobaki hujazwa divai yenye sukari kiasi. Wafaransa huita tendo hili dosage, na mfasiri mvivu ataandika "dozi", msomaji akadhani divai imetiwa dawa. Kiswahili kina neno kamili: kukoleza, yaani kutia kiungo hadi kifikie kiwango kinachotakiwa. Tuseme ukolezaji, na kinachotiwa kiitwe kikolezo.

7. Mtego wa neno "kavu"

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Lebo za Champagne hutaja daraja la utamu kwa maneno ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, hupotosha kabisa. Kwa kila lita, madaraja ni haya:

Brut nature: sukari chini ya gramu 3, bila kuongezwa sukari.
Extra brut: gramu 0 hadi 6.
Brut: chini ya gramu 12.
Extra dry: gramu 12 hadi 17.
Sec: gramu 17 hadi 32.
Demi-sec: gramu 32 hadi 50.
Doux: zaidi ya gramu 50.

Neno sec kwa Kifaransa ni "kavu". Lakini divai ya sec ina sukari nyingi kuliko brut, na demi-sec, ambayo ingekuwa "nusu kavu", ni tamu hasa. Chupa moja ya mililita 750 ya demi-sec ina gramu 24 hadi 37.5 za sukari. Mgonjwa wa kisukari anayesoma "nusu kavu" hawezi kulijua hilo. Hata neno "kavu" lenyewe halina maana kwa Mswahili, kwani kikavu ni kisicho na maji, na hapana kinywaji kisicho na maji.

Inapendekezwa hivi: jina la lebo libaki katika tahajia yake, kwa kuwa msomaji atalikuta vivyo hivyo kwenye chupa, kisha lifuatwe na maelezo ya Kiswahili na kiasi cha sukari. Mathalani: "brut, isiyo tamu, sukari chini ya gramu 12 kwa lita", "demi-sec, tamu, gramu 32 hadi 50 kwa lita". Tarakimu haina lahaja.

8. Kuonja

Hapa Kiswahili hakina upungufu. Kuonja si kunywa: mwonjaji hutia kidogo kinywani, hupima, na mara nyingi hutema katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ratiba ya Kiswahili ieleze wazi kwamba kutema si utovu wa adabu huko. Inafaa pia kutaja kwamba sheria ya Ufaransa inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18.

Mwonjaji huanza kwa macho, akafuatisha pua, kisha ulimi. Harufu ni neno la jumla, jema na baya, lakini lugha ina riha, harufu nzuri, ambalo wengi wameliacha kwa washairi. Lirudishwe kazini. Kuhusu ulimi, tofauti hizi zizingatiwe: uchachu ni ladha ya ndimu, uchungu ni ladha ya mwarobaini, ukakasi ni ule mkwaruzo uachwao kinywani na ndizi mbichi au korosho bibo. Wanaofasiri kutoka lugha nyingine mara kwa mara huyafumba yote matatu katika neno "ukali", wakaipoteza tofauti ambayo mama zetu huitaja kila siku jikoni.

9. Jina linalolindwa

Wengi husema shampeni wakikusudia divai yoyote ya viputo. Katika mazungumzo hakuna anayedhurika. Katika maandishi rasmi jambo ni jingine. Kwa watu wa Champagne jina hilo ni riziki. Mwaka 1908 serikali ya Ufaransa ilianza kuweka mipaka ya eneo linalostahili jina hilo. Mwaka 1911 wakulima, waliokasirishwa na wafanyabiashara walioleta zabibu kutoka nje na kisha na ugomvi wa mipaka yenyewe, walivunja na kuchoma maghala katika mji wa Aÿ. Sheria ya 1927 ndiyo iliyotuliza mambo kwa kuainisha eneo upya.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa 1994 kuhusu haki za miliki ya ubunifu, ambao unazihusu Tanzania, Kenya na Uganda, unalinda majina ya kijiografia ya divai na pombe kali. Kifungu cha 23 kinakataza jina kama hilo kupewa divai ya mahali pengine hata kama asili ya kweli imetajwa, hata kama limefasiriwa, na hata kama limeambatanishwa na maneno kama "aina ya" au "mtindo wa". Mfasiri alitie moyoni neno "limefasiriwa". Kuandika "shampeni ya Italia" au "divai ya mtindo wa Champagne" katika lebo au zabuni hakumponyi mwenye mali. Ndani ya Ulaya hata maneno ya "mbinu ya Champagne" yalikoma kuruhusiwa kwa divai nyingine mwaka 1994; sasa husemwa "mbinu ya kimapokeo".

Mkataba huohuo una vighairi, na kimojawapo ni cha neno ambalo katika lugha ya kawaida ya nchi limekwisha kuwa jina la kawaida la bidhaa. Basi tazama uzito wa kalamu: kamusi ikieleza kwamba shampeni ni "divai yoyote yenye povu", maelezo hayo yaweza siku moja kusomwa mahakamani. Nasi tuna sababu ya kulipima jambo hili kwa uadilifu, maana mkulima wa zabibu wa Dodoma naye hangependa kuona jina la mji wake limebandikwa kwenye chupa iliyojazwa kwingineko.

Kwa hiyo inapendekezwa: Champagne, kwa tahajia yake, itumike kwa mkoa na kwa divai ya huko tu, nasi tuseme "mkoa wa Champagne" na "divai ya Champagne" ili msomaji asichanganye mahali na kinywaji. Divai ya kwingineko iitwe divai ya viputo na itajwe itokako.

10. Hitimisho

Maneno yaliyopendekezwa ni haya: divai, divai tulivu, divai ya viputo, kanieneo, mtambo wa kukamulia, mkamuo wa kwanza na wa pili, mchachuko, mashapo, uinamishaji, uondoaji mashapo, ukolezaji, kikolezo, riha, uchachu, uchungu na ukakasi. Karibu yote yalikuwamo katika lugha, baadhi jikoni, mengine darasani. Ni machache tu yaliyohitaji kuundwa, na hayo yameundwa kutokana na vitenzi vyetu.

Walimu wa vyuo vya hoteli, maafisa wa forodha, na hasa wale wanaoishi karibu na mashamba ya mizabibu ya Dodoma, huenda wana maneno bora zaidi ambayo wakulima na watengenezaji wameyazoea. Wanaombwa wayalete yajadiliwe kabla haya hayajaota mizizi.